Tabasamu la Baekje: mwamba wa Seosan na mwanga wa asubuhi

Mwaka 1959 Hong Sa-jun, mkuu wa makumbusho ya mji wa Buyeo, alikuwa katika bonde la Yonghyeon, kwenye milima ya Gaya karibu na Seosan, magharibi mwa Korea Kusini. Kazi iliyompeleka huko ilikuwa kukagua magofu ya hekalu la Bowonsa, ila kila aliyepishana naye njiani alimuuliza kama anajua sanamu yoyote ya Buddha au pagoda, yaani mnara wa Kibuddha, humo porini. Mtema kuni mmoja, mtu mzima, akamjibu kwamba Buddha hajamwona, wala pagoda hajaiona. Lakini kule juu mwambani yupo mzimu wa mlima, anacheka uso mzima, na wake zake wawili wako naye. Bi mdogo amekaa kitini, amekunja nne, kidole shavuni, anamcheka mwenzake kwa kumchokoza. Bi mkubwa kakasirika, ameshika jiwe, anataka kumtupia. Kinachomzuia ni mume, maana kasimama katikati yao.

Hong akapanda kwenda kutazama. Alichokikuta leo kinahesabiwa miongoni mwa sanamu bora kabisa za mawe za Korea ya kale.

Nimeisikia hadithi hii kwa Wakorea wengi, na karibu kila msimulizi huiga lafudhi ya polepole ya watu wa Chungcheong, eneo lenye Seosan, anapofika kwenye maneno ya mzee yule. Naipenda kwa sababu mzee aliona sawasawa. Kiti kipo. Mguu uliokunjwa upo, kidole shavuni kipo, kitu cha mviringo mikononi mwa yule wa upande wa pili kipo, na kicheko kipo. Majina tu ndiyo aliyokuwa hana. Aliyesimama katikati, mwenye urefu wa mita 2.8, ni Buddha. Hao wawili wa pembeni ni mabodhisatva, yaani viumbe walioufikia mlango wa ukombozi wakachagua kubaki nyuma ili wawasaidie wengine kuvuka. Alichodhani ni jiwe la ugomvi ni kito kitakatifu, kimeshikwa kwa mikono miwili mbele ya kifua. Na huyo bi mdogo wa kukunja nne ni bodhisatva aliyezama katika tafakuri.

Ili kuielewa sanamu hii lazima kwanza ujue ilikuwa njiani. Baekje ulikuwa mmoja wa falme tatu zilizogawana rasi ya Korea, pamoja na Goguryeo na Silla. Dini ya Kibuddha iliingia Baekje mwaka 384, ikiletwa na mtawa Marananta aliyetokea China. Mwaka 475 Goguryeo waliuteka mji mkuu wa Baekje, uliokuwa mahali ilipo Seoul ya leo, na ufalme ukakimbilia kusini: kwanza Ungjin, ambayo sasa ni Gongju, halafu mwaka 538 Sabi, ambayo sasa ni Buyeo. Bandari za kaskazini zikapotea. Basi mizigo na watu wa kwenda na kutoka China wakaanza kupita pwani ya Taean na Seosan, ile sehemu ya rasi inayochomoza kuelekea Shandong ng'ambo ya Bahari ya Njano. Ukitoka pwani hiyo kwenda mji mkuu, njia ilipita kwenye mabonde ya Gaya. Wafanyabiashara, wajumbe, watawa waliobeba vitabu, wote walipita huko. Sanamu haina maandishi yoyote, lakini wataalamu wakitazama mavazi na nyuso wanaiweka mwishoni mwa karne ya 6 au mwanzoni mwa karne ya 7, yaani vizazi vichache tu kabla ya Baekje kuanguka mbele ya majeshi ya Silla na ya Tang, watawala wa China wa wakati huo, mwaka 660.

Kwa hiyo mtu aliyepangiwa kusimama chini ya mwamba huu alikuwa msafiri. Ama ndiyo kwanza ameteremka chomboni na bado ana chumvi mwilini, ama kesho anaingia baharini na hajui kama atarudi. Nimeitazama sanamu hii kwa muda mrefu nikitafuta kitu ndani yake kisichomhusu mtu huyo, sikukiona.

Anza na mikono. Mkono wa kulia wa Buddha umeinuliwa hadi usawa wa kifua, kiganja mbele. Katika lugha ya ishara za Kibuddha maana yake ni kwamba usiogope. Mkono wa kushoto umeshushwa, kiganja vilevile mbele, na maana yake ni kwamba unachoomba utapewa. Ishara hizi mbili kwa pamoja zilienea sana zama hizo, China, Korea na Japani, kwa hiyo si uvumbuzi wa fundi wa Seosan. Ila viganja ni vikubwa, vinene, vimechongwa kwa kujitokeza kiasi kwamba ukisimama chini unaviona kabla ya kuona mengine. Kwenye mkono wa kushoto kidole cha pete na kile kidogo vimekunjwa kidogo kuelekea kiganjani. Mkono ulionyooka kabisa huonekana kama alama ya barabarani; vidole viwili vikilegea hivyo, mkono unakuwa wa mtu.

Sasa jiwe. Huko China kazi kubwa za kuchonga mapango zilifanyika kwenye miamba laini: Yungang ni mchanga ulioganda, Longmen ni chokaa. Fundi anaweza kuchimba ukumbi mzima mlimani, halafu akachora mikunjo ya nguo kwa mistari myembamba. Korea milima yake kwa sehemu kubwa ni granaiti, nayo haikubali hayo. Kuchimba pango ndani yake ni mateso, kwa hiyo Wakorea walichonga kwenye uso wa nje wa mwamba, hapo hapo ulipo, na sanamu za namna hiyo wanaziita maaebul. Mamia ya sanamu hizo zimetawanyika milimani nchi nzima.

Granaiti pia haikatwi kwa kumenya. Fundi hushika tindo lenye ncha na kulipiga kwa nyundo karibu wima, na kila pigo linavunja chembe chache kuwa unga. Ukitaka kupunguza unene wa kidole kimoja, unapiga maelfu ya mara. Ukitaka mstari mwembamba kama unywele hupati, kwa sababu chembe zenyewe ni nene kuliko mstari unaoutaka. Hivyo fundi wa granaiti analazimika kufikiri kwa mabonge na mabonde, wapi pajae na wapi pazame, na mistari anaiacha ijitengeneze yenyewe pale kivuli kitakapoangukia. Hiyo ndiyo siri ya uso wa Seosan, na kila ninapousoma ukielezwa kama bahati au miujiza naona fundi wake anadhulumiwa.

Tazama uso wenyewe kwa karibu. Ni mpana, umejaa, mashavu yameumuka kama maandazi. Nyusi ni nusu duara mbili. Macho ni makubwa, yana umbo la lozi, na yamefunguka kabisa, jambo lisilo la kawaida kwa Buddha, ambaye mara nyingi hufumba nusu na kutazama chini. Pua ni pana na ya chini. Midomo ni minene, imefungwa, na pembe zake zimevutwa juu na kuzamishwa ndani ya nyama ya shavu. Hapo kwenye pembe za midomo ndipo fundi alipozamisha tindo zaidi. Kisha akaliacha shavu juu yake lijitokeze. Matokeo yake ni kwamba mdomo hauna mstari mmoja wa tabasamu unaoweza kuunyooshea kidole. Una mashimo mawili madogo na vilima viwili, na mwanga ukipita hapo ndio unaochora tabasamu.

Ndiyo maana tabasamu hilo hubadilika. Sanamu imeelekea mashariki, ikipinda kidogo kusini, karibu na upande linakochomoza jua katika siku zile fupi za majira ya baridi. Asubuhi mwanga unaingia bondeni ukiwa chini, unagonga mashavu, unajaza mashimo ya pembe za midomo nusunusu, na uso mzima unacheka waziwazi, cheko la mtu aliyekuona ukija tokea mbali. Jua likipanda, kivuli cha nyusi kinashuka machoni, mdomo wa juu unatia kivuli ule wa chini, na cheko linapungua hadi linakuwa la ndani kwa ndani. Alasiri, mwamba ukiwa kivulini, unapata uso mpole, wa huruma, na unaweza kusema ni sanamu nyingine. Wakorea wana jina la uso huu, tabasamu la Baekje, jina lililoenezwa na mwanaakiolojia Kim Won-yong, na leo limeandikwa hadi kwenye mabango ya barabarani ya mkoa.

Uteuzi wa mwamba nao ni kazi ya akili. Uso wake haujasimama wima. Umeinama mbele kidogo, kama nyuzi 80 kutoka ardhini, na juu yake jiwe limechomoza likafanya upenu. Mvua ikinyesha maji yanadondoka mbele ya sanamu bila kutiririka juu yake. Bonde lenyewe ni jembamba, milima inakinga upepo. Miaka 1,400 hivi imepita na bado unaona mikunjo ya vazi la Buddha ikishuka kifuani kwa mapinde, moja chini ya jingine, na taji la nuru nyuma ya kichwa chake lenye ua la yungiyungi katikati na ndimi za moto kuzunguka ukingo. Ukitaka kujua upenu ule umeokoa nini, nenda mlima Baekhwasan kule Taean, si mbali, kwenye sanamu nyingine ya Baekje, nayo ya watatu, ambayo wengi wanaiona kuwa ya zamani zaidi. Huko Buddha wawili wakubwa wamemweka bodhisatva mdogo katikati, mpangilio wa ajabu usio na mfano, lakini nyuso zimelika kwa upepo na mvua. Unaona kwamba walitabasamu, ila huwezi kuona vipi.

Baada ya hapo wanadamu wa zama zetu wakaja kusaidia. Mwaka 1962 sanamu ya Seosan ilitangazwa kuwa Hazina ya Taifa, ikapewa namba 84 (namba hizo Serikali ya Korea iliacha kuzitumia rasmi mwaka 2021, ingawa watu bado wanazitaja). Mwaka 1965 ikajengewa banda la kuikinga, lenye paa na kuta, kwa nia njema kabisa. Ndani ya banda mkawa giza. Jua la asubuhi halikuufikia tena uso. Watu walisafiri kutoka Seoul kuja kuona tabasamu maarufu, wakakuta nyuso tatu za kijivu ndani ya chumba. Mlinzi wa hapo, mzee aliyeitunza sanamu kwa miaka mingi, alifunga taa ya umeme kwenye ncha ya mti mrefu na kuizungusha taratibu mbele ya mwamba: hili ndilo jua la asubuhi, hili la mchana, hili la jioni. Wageni walipiga kelele kwa mshangao kila taa iliposogea. Walioshuhudia bado wanalisimulia kwa furaha, nami najiunga nao kumshukuru mzee yule, kwa sababu alielewa sanamu kuliko waliochora ramani ya banda. Alijua kwamba bila mwanga unaotembea, nusu ya kazi ya fundi haipo.

Banda halikutimiza hata lile lililokusudiwa. Hewa haikupita, unyevu ukakaa ndani, mwamba baridi ukatoa jasho, na matone yakawa yanakaa juu ya jiwe ambalo kwa karne nyingi lilikuwa likikaushwa na upepo wa bondeni. Mwishowe, kati ya mwaka 2006 na 2007, kuta ziliondolewa, kisha banda zima likabomolewa. Sasa sanamu iko nje tena, chini ya upenu wake wa jiwe.

Nirudi kwa wale wawili wa pembeni, kwa sababu hapo ndipo wasomi wanapobishana. Bodhisatva aliyesimama na yule wa tafakuri kumzunguka Buddha mmoja ni jozi ambayo haijazoeleka popote, si China wala Japani. Kwa kawaida wasaidizi hufanana: wote wamesimama, au wote wamekaa, kila mmoja kivuli cha mwenzake. Fundi wa Seosan, au mtawa aliyemwelekeza, alikataa usawa huo. Wa tafakuri wengi wanakubaliana kuwa ni Maitreya, Buddha wa siku zijazo. Huyo mwenye kito ndiye mgogoro. Wapo wanaosema ni Dipankara, Buddha wa zama zilizopita, na kwa hiyo mwamba mzima unaonyesha jana, leo na kesho kwa mujibu wa Sutra ya Yungiyungi, kitabu kitakatifu cha Kibuddha. Ni maelezo mazuri, yanafungana vizuri, na vibao vingi vya maelezo vinayafuata.

Mimi nipo upande wa wale wanaosema ni Avalokitesvara, bodhisatva wa huruma. Mabodhisatva wenye kushika kito mbele ya kifua walipendwa sana Baekje, na sanamu za namna hiyo zilivuka hadi Japani, ambako dini hii ilifikishwa na Wabaekje wenyewe katika karne ya 6. Halafu kuna hoja ya njia. Sura ya 25 ya Sutra ya Yungiyungi hiyo hiyo inasema wazi kwamba watu wakiwa baharini, dhoruba ikawasukuma, mmoja wao akilitaja jina la Avalokitesvara wote wataokoka. Mfanyabiashara anayekwenda kupanda chombo cha Shandong angetaka nani asimame pale mwambani? Buddha wa kale aliyekwisha kupita, au yule anayeitika ukimwita katikati ya mawimbi? Siwezi kuthibitisha, na jiwe halina maandishi. Lakini mikono ya Buddha inasema usiogope, omba upewe, na mwenye kito aliye kando yake naona anaendelea na sentensi hiyo hiyo.

Yule wa tafakuri ana urefu wa mita 1.66 hivi na ameumia. Mikono yake yote miwili imevunjika sehemu. Bado unaona mguu wa kulia umewekwa juu ya goti la kushoto, na kidole kikigusa shavu. Ukitaka kumfahamu vizuri, pita kwanza Makumbusho ya Taifa pale Seoul, kwenye chumba kilichofunguliwa mwaka 2021 kwa ajili ya sanamu mbili tu za shaba iliyopakwa dhahabu, wote wawili wakiwa wamekunja nne namna hiyo hiyo. Yule aliyejulikana kama Hazina namba 83, mwenye sentimita 93.5, ni mwembamba, macho yamefumba, tabasamu lake ni jembamba sana, na ukimtazama unasikia uzito wa anachokifikiri. Chumba kina giza na watu wananong'ona. Yule wa Seosan ana mashavu ya mtoto. Naye anafikiri, lakini anafikiri jambo la kufurahisha. Mtema kuni alisema anachokoza, na mimi nikimtazama siwezi kumkatalia.

Hilo la nyuso za watu linanigusa kuliko yote. Miaka mia moja na zaidi baadaye, kuanzia 751, Silla walijenga pango la mawe la Seokguram kule Gyeongju, na Buddha aliyekaa ndani yake ni ukamilifu wa hesabu, mabega, magoti na kichwa vikilingana kwa vipimo vilivyokokotolewa. Ni kazi kubwa mno, naiheshimu, na wengi wataiweka juu ya zote. Lakini Buddha wa Seokguram amekwisha kuondoka duniani. Wewe ndiye unayemtazama. Buddha wa Seosan anakutazama wewe, kwa macho yaliyofunguka, na uso wake ni wa mkulima wa Chungcheong aliyeshiba.

Tangu banda libomolewe, wapo wanaohofia. Mvua ya leo ina tindikali ya viwandani, majira ya baridi maji huganda ndani ya nyufa na kuzipanua, na ukungu wa kijani huota pasipopata jua. Hofu hizo ni za kweli, na mwamba unakaguliwa. Hata hivyo mtu akipendekeza tena ukuta wa kuizunguka, kwa kioo au kwa mbao, nitakuwa miongoni mwa watakaopinga. Sanamu hii ilitengenezwa kwa tindo na kwa jua la upande mmoja wa bonde. Ukiondoa jua umehifadhi jiwe, na tabasamu umelizima. Bora wakague nyufa kila mwaka, wachunge miti iliyo juu ya mwamba isipasue kwa mizizi, na wauache upenu ule ufanye kazi ambayo umeifanya tangu zama za Baekje.

Kama uko Korea, panda basi hadi Seosan, kisha la kwenda Unsan na bonde la Yonghyeon, na uhakikishe umelala karibu ili uwe pale asubuhi mapema, geti linapofunguliwa. Majira ya baridi ni bora, jua likiwa chini na miti imepukutika. Utavuka daraja dogo, utapanda ngazi za mawe, na sanamu itakuwa mbele yako, juu kidogo ya kichwa. Anza kushoto, nenda kulia polepole, halafu chuchumaa. Usipige picha moja ukaondoka. Kaa mpaka kivuli cha nyusi kishuke machoni. Baadaye endelea kupanda bonde hadi uwanja wa Bowonsa, ambako hekalu halipo tena ila pagoda ya ghorofa tano bado imesimama, pamoja na birika kubwa la jiwe na mnara wa maandishi wa karne ya 10, na huko mara nyingi utakuwa peke yako.